Chalbi wikendi moja, bila kulala kwenye matope

Sasa wasee, kama mnapanga kwenda Chalbi, lile jangwa la kaskazini mwa Kenya, msiende na gari moja, angalau mbili na zote fobaifo (4x4). Lami inawafikisha Marsabit bila shida, hapo mnajaza tanki na jerikeni za akiba kabisa, kisha mnashuka Maikona kuelekea Kalacha. Maji bebeni lita tano kwa kila mtu kwa siku, na za ziada, joto la huko halina mchezo.

Mkifika mchanga laini punguzeni upepo wa tairi mpaka kama psi 20 hivi, na msisahau kompresa maana mtajaza tena mkirudi kwa mawe. Ila mchanga sio shida sana, shida ni ile chumvi, juu imekauka nyeupe kama sahani, unakanyaga mafuta unajiona bingwa, chini yake matope tupu. Sisi tulichimba saa tatu na koleo moja, moja! Fuateni njia zilizokanyagwa, na kama mvua imenyesha ahirisheni tu.

Kambi pigeni Kalacha karibu na mikoma, ulizeni wenyeji kwanza, na hema lifungeni vizuri, upepo wa usiku huko unabeba mpaka sufuria.