Waridi la jangwani halifi kiangazi, linakufa masika

Mimi ni fundi cherehani, si bwana shamba. Nakaa Mikindani, na uani kwangu kuna mawaridi ya jangwani kumi na moja. Ninayoandika hapa nilifundishwa na yale sita yaliyokufa.

La kwanza nililipanda kando ya baraza, chini kabisa ya mchirizi wa bati, nikidhani nimelifanyia hisani. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya na mvua zake. Majani yakawa manjano. Mimi nikaona lina kiu, nikaliongezea ndoo! Siku nilipolibonyeza shina, kidole kikazama kama kwenye papai bovu, yakatoka maji ya kahawia yananuka muhogo uliovunda.

Mti huu, wenye jina la kitaalamu Adenium obesum, kwao ni nchi kavu, tangu Sahel hadi huku Afrika Mashariki na Uarabuni. Lile tumbo nene pale chini ndilo pipa lake la maji. Huku kwetu mvua zikianza Desemba hazituachi mpaka Aprili, kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuyakimbiza maji.

Mnazi au mgomba tunauchimbia kisahani ili maji yatuame. Huu ufanyie kinyume. Inua tuta mpaka magotini, mahali penye jua tangu asubuhi mpaka alasiri, mbali na mchirizi. Mimi huchanganya madebe mawili ya mchanga wa kujengea wenye chembe kubwa, debe moja la udongo, na nusu debe ya samadi ya mbuzi iliyokwisha kuoza. Chenga za mkaa zikiwepo, tia. Mchanga wa ufukweni ni wa bure, ila una chumvi, uache huko huko. Makumbi ya nazi nayo yanashika maji mno. Na asikudanganye mtu utie maganda ya korosho kwa sababu yamejaa mji mzima. Mafuta yake yanaunguza hata ngozi ya mtu.

Ukishapanda, usimwagilie siku hiyo. Acha wiki nzima mizizi iliyojeruhiwa ipone. Baada ya hapo, kiangazi, mwagilia mpaka maji yashuke chini, kisha usirudi mpaka udongo ukauke kabisa. Kwangu ni kama kila siku kumi. Jirani yangu huniambia, "Mama Saidi, ua lako unalitesa." Namjibu, "Shoga, libonyeze." Tumbo likiwa gumu kama embe bichi, halina shida. Likinywea na kufanya mikunjo, huku ni kavu, lina kiu kweli. Likilainika na kulowa, limeoza. Masika mimi silimwagilii hata tone. Na miezi ya kipupwe, Juni na Julai, likipukutisha majani usishtuke, linapumzika.

Likianza kuoza, ling'oe siku hiyo hiyo. Kata kwa kisu kikali, ukifuta kisu kila mara, mpaka ufikie nyama nyeupe isiyo na doa hata moja. Paka majivu, lining'inize kivulini wiki mbili, ndipo ulipande upya. Nimeokoa mawili hivyo.

Utomvu wake ni sumu. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi huupika wakapaka mishale. Basi ukikata vaa glovu, usijiguse macho, na watoto wakae mbali. Hata hivyo kuna kiwavi mmoja mnene wa kijani, ana madoa mawili ya buluu karibu na kichwa kama macho, anayeyala majani hayo kwa raha zake. Usiku mmoja tu anaacha vijiti vitupu. Mtoe kwa mkono, dawa ya nini?

Tawi ukilikata na kulikausha wiki moja litaota, ila mara nyingi halifanyi tumbo zuri. Ukitaka tumbo, panda mbegu. Maganda yake hutoka mawili mawili kama pembe za ng'ombe, na yakipasuka, kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, upepo wa kusi unazipeleka ng'ambo ya ghuba. Hapo ndipo ufundi wangu unaponifaa: yakianza kubadilika rangi nayafunga uzi wa cherehani, mizunguko minne, bila kukaza. Mbegu mbichi nazilaza juu ya mchanga wenye unyevu, nazifunika kidogo tu, na ndani ya wiki zinachomoza. Napanda Agosti, ili mvua zikifika miche iwe imeshajaza vitumbo.

Mwaka wa kwanza, mawingu ya Desemba yakikusanyika, makopo yote ya miche nayaingiza barazani upande wa jua la asubuhi. Wateja wananung'unika kwamba benchi lao limechukuliwa na maua. Watasimama mpaka Mei.