Namna ya kuingia katika kazi za David Lynch

Anza na Eraserhead, filamu ya mwaka 1977 ya huyu mwongozaji wa Marekani. Iwe usiku, taa umezima, simu umeiacha chumba kingine. Haifiki saa moja na nusu, na picha zote ni nyeusi na nyeupe. Vaa hedifoni nzuri, maana nusu ya filamu hii ni sauti: mitambo inaunguruma kwa mbali, mvuke unafoka, upepo haukomi. Lynch aliifanyia kazi sauti hiyo pamoja na fundi wa sauti Alan Splet, na inastahili masikio yako yote.

Usiisimamishe. Mimi mara ya kwanza nilikuwa na daftari, kila dakika kumi nasimamisha niandike maana ya hiki na kile, nikaambulia patupu. Mara ya pili niliiacha ipite. Yule mwanamke mwenye mashavu yaliyovimba, anayeimba ndani ya kipasha joto cha ukutani, alipotokea, nywele zilinisimama.

Kabla ya filamu nyingine, sikiliza albamu ya Floating into the Night ya 1989: mwimbaji Julee Cruise, muziki wa Angelo Badalamenti, mashairi ya Lynch mwenyewe. Mimi huisikiliza alfajiri nikipiga pasi. Baada ya hapo ndipo uende kwenye filamu yake Mulholland Drive.

Albamu ya Crazy Clown Time ya 2011, ambako Lynch anaimba mwenyewe kwa sauti nyembamba, haitakukaa mara moja. Irudie.

Filamu ya Inland Empire iwe ya mwisho. Urefu wake ni saa tatu, na humo utamsikia akiimba tena.