Ndugu Aliyenyimwa Hifadhi Marekani: Namna ya Kumsaidia Ukiwa Tanga

Bodi ya Rufaa za Uhamiaji ya Marekani ikishatupilia mbali rufaa ya ndugu yako, muulize kwanza tarehe iliyoandikwa kwenye uamuzi huo, kwa sababu siku 30 za kuomba mapitio katika Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho huhesabiwa kuanzia hapo, wala si kuanzia siku aliyoipokea bahasha. Ombi linatakiwa liwe limeshaingia masijala ya mahakama ndani ya muda huo; kulitia posta siku ya 30 ni kuchelewa. Mahakama yenyewe hutegemea mahali jaji wa uhamiaji alipomalizia shauri: aliyesikilizwa Houston hupeleka ombi New Orleans, hata kama amekwisha kuhamia jimbo jingine.

Kufungua ombi peke yake hakuzuii kuondolewa nchini. Wakili aombe amri ya zuio mapema, hasa ikiwa ndugu yuko kizuizini.

Jamaa wengi wa Ngamiani na Chumbageni hupoteza nguvu zao katika hatua inayofuata. Wakisikia shauri limefika mahakamani, hukimbilia kwa mtendaji wa mtaa kuomba barua, hutafuta karatasi za matibabu hospitali ya Bombo, kisha hutuma vyote kwa haraka. Mahakama hiyo haipokei ushahidi mpya; husoma jalada lilelile lililokuwa mbele ya jaji na Bodi, na hoja ambayo haikutajwa mbele ya Bodi kwa kawaida haisikilizwi. Nyaraka mpya hupelekwa kwa Bodi yenyewe, kwa ombi la kufungua upya shauri, kwa kawaida ndani ya siku 90 tangu uamuzi wa mwisho, na lazima ielezwe kwa nini hazikuweza kupatikana mapema. Ombi hilo halisimamishi zile siku 30, kwa hiyo yote mawili huendeshwa sambamba.

Kila hati ya Kiswahili iambatane na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa kwa saini ya mfasiri. Barua ya kumsifu mtu kwamba ana tabia njema haina uzito. PF3, yaani fomu ya matibabu inayotolewa na polisi, yenye mhuri wa kituo, ambapo daktari ameeleza kovu la mgongoni, ina uzito. Aliyeumizwa na askari wenyewe huenda hana PF3, na hapo kiapo cha shahidi aliyeona kwa macho yake, kilichoapwa mbele ya kamishna wa viapo, ndicho cha kutafuta.

Dai chini ya Mkataba Dhidi ya Mateso wa 1984 lisimame peke yake. Halihitaji sababu ya dini wala siasa, bali uthibitisho kwamba kuna uwezekano wa zaidi ya nusu kwamba atateswa akirudishwa, na kwamba mtesaji ni afisa wa serikali au serikali inajua na kufumba macho. Mwaka 2020, katika shauri la Nasrallah, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba hata aliyetiwa hatiani kwa makosa fulani anaweza kupinga uamuzi kuhusu ukweli wa mambo katika dai hili, ingawa majaji huutengua pale tu ushahidi unapowalazimu.

Ombi la mapitio likifaulu, mahakama kwa kawaida haitoi hifadhi; hulirudisha shauri kwa Bodi liamuliwe upya.