Somo: Igizo dhima la Mkutano wa Berlin, vipindi viwili

Hili ni la wanafunzi 45 na dakika 80 mfululizo. Wengi huamini ramani ya Afrika ilichorwa mezani Berlin. Sivyo. Mkutano wa Novemba 1884 hadi Februari 1885 uliweka kanuni za biashara na za kutwaa pwani za Afrika; mipaka mingi ilikuja baadaye kwa mikataba ya mataifa mawili mawili, kama ule wa Uingereza na Ujerumani wa 1886. Kwa hiyo usiweke ramani tupu na kalamu za rangi mezani. Ukiziweka watagawana kwa furaha, na kosa hilo halitawatoka kichwani.

1. Siku moja kabla, gawa kadi za dhima, nusu karatasi ya A4: wewe ni nani, unataka nini, hukubali kupoteza nini. Mataifa yalikuwa 14. Chukua Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Ureno, Marekani na Ubelgiji, wanafunzi sita kila ujumbe. Kadi ya Ureno iseme: "Mlango wa mto Kongo ni wetu, Uingereza ilitukubalia kwa mkataba wa Februari 1884, kisha ikauacha." Ya Ubelgiji iandikwe kwa uangalifu: mfalme wake, Leopold II, hakwenda Berlin, na Kongo aliitaka iwe yake mwenyewe.

2. Watano wakae dirishani, nje ya duara. Hao ni Waafrika, ambao hawakualikwa. Hawasemi, wanaandika kila sentensi inayowahusu. Wanne waliobaki ni makarani.

3. Dakika 10 za kujipanga, 30 za kikao chini ya Bismarck, kansela wa Ujerumani. Ajenda ni mbili: biashara huria bonde la Kongo, na masharti ya kutwaa pwani mpya. Msemaji apewe dakika moja, na ujumbe usirudie kusema kabla wengine wote hawajasema; bila hivyo watatu watakimaliza kikao peke yao. Wakikosea, andika, usikatize. Ukikatiza watakugeukia wewe.

4. Dakika 5 za kuvua dhima: kadi zirudi, viti vibadilishwe, kila mtu aitwe jina lake. Ukiiruka hatua hii, aliyekuwa Bismarck ataitwa Bismarck muhula mzima.

5. Dakika 35 za mjadala, usizipunguze hata kidogo. Waanze wa dirishani kusoma walichoandika. Kisha soma vifungu vya 34 na 35 vya Hati ya Berlin, iliyosainiwa mwisho wa mkutano: anayetwaa pwani awaarifu wenzake, na awe na mamlaka ya kweli pale. Halafu uliza: kwa nini Mjerumani Carl Peters alikuwa Usagara, Tanzania ya leo, akisainisha machifu mikataba mwishoni mwa 1884, huku kikao kikiendelea?

Maswali ya walimu wenzangu

*Mwalimu, darasa langu lina 90. Nifanyeje?*
Kila dhima ipewe wawili: mmoja anasema, mwenzake anamwandikia hoja. Wabadilishane dakika ya 15.

*Ninacho kipindi kimoja tu cha dakika 40.*
Gawa siku mbili. Siku ya kwanza kikao kiwe dakika 20, dhima zivuliwe, na kabla ya kutoka kila mmoja aandike mistari mitano: tulitaka nini, tumepata nini. Bila mistari hiyo mjadala wa kesho utaanza baridi.

*Alama nazitoaje?*
Usisahihishe uigizaji, mwenye haya ataumia bure. Sahihisha aya moja ya baadaye: "Kifungu cha 35 kiliharakishaje uvamizi?"

*Naweza kuigiza pia ukatili wa kuwalazimisha watu kuvuna utomvu wa mpira Kongo chini ya Leopold?*
Hapana, mwalimu mwenzangu. Mateso hayaigizwi darasani. Tumia ushahidi wa maandishi na picha.