Namna ya kuitazama nyumba ya mawe ya Lamu

Wageni wengi wanaoingia Makumbusho ya Nyumba ya Kiswahili, ile nyumba ya karne ya 18 inayotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya hapa Lamu, huzipiga picha zidaka, vile vishubaka vya ukutani, hukaa kidogo kwenye kiti cha kupigia picha, basi, wakatoka. Mimi ni mwashi. Kazi nimeianza mdogo, nikimbebea baba karai la chokaa, na nyumba hizi nazitazama kwa jicho la mtu anayezifumua na kuzirudisha. Nitakuonyesha njia yangu, uifuate hapo makumbusho au katika nyumba yoyote ya zamani ya Mkomani, mtaa wa kale wa mji wetu, utakayokaribishwa.

Nenda jua likiwa limeshapanda, maana mwanga wote wa nyumba hutoka kiwandani, ua lililo wazi juu. Asubuhi mapema utapapasa tu.

Usibishe hodi kwanza. Simama kichochoroni, wapishe punda, utazame ukuta wa nje. Madirisha ni machache na yako juu, mapambo hakuna. Mwenye nyumba hakujengea wapita njia. Kisha ingia kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni, uketi katika baraza ya mawe. Baraza ni mbili, zimetazamana, na hapo ndipo mazungumzo ya biashara, ya mashamba na ya kesi za jirani yalipomalizwa bila mgeni kuvuka kizingiti. Ukiwa umeketi, geuza shingo utazame mlango: mbao mbili, na katikati ule mti uliochongwa unaoitwa mfaa. Nyuma yake ni tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na hapo njia inapinda. Mwombe mwenzako aufungue mlango wote wakati wewe umesimama nje. Unaona nini? Ukuta. Nimeona wasanifu wa kisasa wakilinyoosha pindo hilo kwa ajili ya "mandhari", na kila anayepita sasa anajua wenyeji wanakula nini.

Ukishapinda, utatokea kiwandani. Kando utakuta sabule, chumba cha mgeni wa kiume. Aliweza kulala humo akala na kuondoka bila kukutana na wanawake wa nyumba. Wewe pita mpaka chini ya dari, uinue kichwa. Hapa ndipo ukae kuliko pengine pote.

Miti unayoiona juu, iliyopangwa karibu karibu, ni boriti za mkoko kutoka fukwe za matope za visiwa vyetu. Nyosha mikono uupime upana wa chumba. Utapata kama pima moja na nusu, yaani mita mbili u nusu hadi chini kidogo ya tatu. Nenda chumba cha pili, pima tena. Ni ule ule. Juu ya boriti hupangwa mawe bapa ya matumbawe, kisha vifusi na chokaa, vikagongwa mpaka vikashikana. Huo ni mzigo mkubwa, na boriti ikizidi urefu huo hupinda. Kwa hiyo mtu akiwa na mali kiasi gani, chumba hakumpanukii, humrefukia tu. Ndiyo maana vyumba vyetu ni vyembamba na virefu, vimepangwa kimoja nyuma ya kingine. Mchoraji wa kwanza wa nyumba hii ni mkoko.

Shika ukuta. Una unene wa karibu nusu mita, mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe tunayapata ng'ambo, Manda, upande wa Maweni. Chokaa nayo ni matumbawe yale yale: yanapangwa juu ya rundo la magogo, yanachomwa, yanamwagiwa maji, halafu rojo linaachwa likae. Likikaa miezi linakuwa laini, linanata, na fundi hulichonga kama jibini. Pale panapotakiwa nakshi za jiwe lenyewe, wazee walitumia tumbawe lililotolewa baharini bichi, kwa sababu likiwa bichi hukatika kwa kisu, na likikaa hewani huwa gumu.

Sasa tembea kuelekea ndani, polepole, na miguu yako ihesabu. Kutoka kiwandani unapanda kidogo kuingia msana wa tini, yaani ukumbi mrefu wa chini, unapanda tena msana wa yuu, ule wa juu, kisha chumba kinachoitwa ndani. Kila unapopanda, mwanga unapungua na ruhusa ya kuwapo inapungua pia. Jamaa waliishia misanani, ambako vitanda vilifungiwa pazia mwishoni mwa chumba. Ndani ni kwa mwenye nyumba na mkewe. Ndiyo zidaka zikawekwa huko, zikijaza ukuta mzima, zikiwa na sahani na mabakuli ya kauri yaliyoletwa na majahazi. Usizitazame ukiwa umezisogelea. Rudi nyuma mpaka kiwandani, halafu geuka. Mwanga hafifu unaofika kule unaushika ukingo wa kila kidaka, na chumba kinaonekana kina kina kuliko kilivyo.

Nyuma ya hapo ni nyumba ya kati, palipozaliwa watoto na palipooshwa maiti. Ukifika, punguza sauti. Hata ikiwa makumbusho.

Chooni tazama birika, tangi la maji lililojengwa. Chini yake hupachikwa bakuli la kauri, na humo hufugwa visamaki vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Maji yakipungua, visamaki hubaki na bakuli lao. Watoto wa shule hupenda hapa kuliko zidaka, na siwalaumu.

Kabla ya kuondoka muulize mwangalizi kuhusu wikio, chumba kinachoruka juu ya kichochoro kuunga nyumba mbili. Kwa desturi ya waungwana, baba humjengea binti nyumba anapoolewa, na nyumba hubaki ya binti. Ikijengwa ng'ambo ya kichochoro, wikio ndilo linalowaunganisha mama na mwana, wakaweza kutembeleana bila kushuka njiani.

Mwisho, zunguka Mkomani ujaribu jicho. Mji uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, lakini orodha haipigi lipu. Ukiona ukuta wa kijivu, mgumu, unaobanduka vipande vikubwa na kuacha unga mweupe wa chumvi, hiyo ni saruji juu ya matumbawe. Jiwe letu hunywa unyevu na chokaa huuachia utoke. Saruji huufungia humo, nao unatafuta njia kwenye ncha za boriti zilizozama ukutani. Huko ndiko kuoza kunakoanzia, wala hukuoni mpaka dari ishuke.

Ikiwa nyumba ni yako, fundi anayejua kazi ataibandua saruji yote, ataacha ukuta ukauke sawasawa, ndipo apige chokaa kwa tabaka nyembamba, moja ikishika ndipo ije nyingine. Akikuahidi kumaliza wiki hiyo hiyo, mpe chai, umshukuru, utafute mwingine.