Kuchagua kati ya TV mbili za LCD za bei moja: ya sebuleni na ya chumbani

Shangazi yangu wa Tabata alinipigia simu siku TV yake ya sebuleni ilipobaki na sauti bila picha. Nilipofika nikafunga mapazia, nikamulika tochi karibu na kioo, nikaona vivuli vya watu wanatembea: picha ipo, taa za nyuma zimekufa. Akasema hatengenezi tena, ananunua mpya. Na kwa kuwa binamu yangu naye alikuwa akiomba TV ya chumbani kwake, tununue mbili zinazofanana kabisa, asiwepo wa kusema mwenzake kapewa nzuri.

Nikamwambia, "Shangazi, hapo niruhusu nikupinge." Kazi yangu ni kufunga na kutengeneza TV, na nimeingia nyumba nyingi ambako watu wanailaumu TV nzima kabisa, ambayo ingehamishiwa chumba cha pili tu wangeipenda.

Tulipofika Kariakoo tukabaki na mbili za kuchagua. Zote inchi 43, zote 4K, bei zimepishana shilingi 20,000. Muuzaji akatuambia ni sawa, tofauti ni jina. Hazikuwa sawa hata kidogo. Nitaziita ya Kwanza na ya Pili, maana jina halitakusaidia: kampuni moja huweza kutoa modeli ileile ikiwa na aina tofauti ya kioo kwenye inchi 43 na inchi 50.

Hatua ya 1: Pima chumba kabla ya kutoka nyumbani

Chukua futikamba. Simama TV itakapokaa, pima umbali wa kwenda mbele hadi kila kiti, kisha pima kiti hicho kimesogea pembeni kiasi gani kutoka katikati ya TV. Kama msogeo wa pembeni umezidi nusu ya umbali wa mbele, mtu wa kiti hicho anaitazama TV kwa pembe ya nyuzi 27 au zaidi, na hapo ndipo aina ya kioo inapoanza kuonekana.

Kwa shangazi, kochi refu liko mita 2.6 mbele, katikati kabisa, halina shida. Lakini makochi mawili madogo yapo mita 2 mbele na mita 1.6 pembeni. Hiyo ni karibu nyuzi 39. Wajukuu wanakaa mkekani, chini, wanaangalia juu. Mlango wa barazani unaelekea magharibi na hufunguliwa mpaka jua linazama. Chumba cha binamu ni kinyume chake: kitanda kimoja, mtu mmoja, TV iko usawa wa macho yake, pazia zito, na anaangalia filamu usiku taa zikiwa zimezimwa. Mchana anacheza PlayStation.

Andika namba hizo kwenye simu. Dukani utazihitaji, kwa sababu pale kila TV inapendeza.

Hatua ya 2: Jua unachagua nini

TV inayoitwa LED ni LCD. QLED nayo ni LCD. OLED peke yake ndiyo kitu kingine, na kwa bei ya kati hatuizungumzii. Kioo cha LCD hakitoi mwanga chenyewe. Nyuma yake kuna taa, na kazi ya kioo ni kuuziba mwanga huo au kuuachia upite. Kuna aina mbili kuu. VA huziba vizuri sana: sehemu nyeupe huweza kung'aa mara 3,000 hadi 5,000 kuliko sehemu nyeusi. IPS huvujisha mwanga, uwiano wake ni kama 1,000 kwa 1, kwa hiyo gizani weusi wake ni kijivu. Lakini IPS hubaki na rangi zake hata ukikaa pembeni, wakati VA hupauka.

Watu husoma namba hizo wakakimbilia VA. Mimi siwafuati. Weusi mzito una faida gizani tu. Mlango wa barazani ukiwa wazi, mwanga wa jua unaoakisiwa na kioo unaufanya weusi wa VA nao uwe kijivu, na faida yote uliyoilipia inapotea. Mtu wa pembeni yeye anaendelea kupata hasara mchana na usiku.

Hatua ya 3: Zijaribu kwa video yako, si ya duka

Video za duka zimetengenezwa ziuze: maua, kasuku, matone ya maji. Zikatae kwa adabu. Nenda na flashi yako yenye vitu vitatu: picha nyeusi tupu, picha ya uso wa mtu, na kipande cha mpira. Flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32 au exFAT, na kama ni FAT32 kumbuka haibebi faili la kuzidi GB 4.

Kipande changu cha mpira ni cha Simba na Yanga, kimepigwa jioni, nusu ya uwanja ina kivuli na nusu ina jua. Sijapata kipimo bora kuliko hicho. Nilimsimamisha shangazi mbele, kisha nikampeleka pembeni hatua kwa hatua hadi usawa wa makochi yake madogo. Kwenye TV ya Pili nyekundu ya Simba ilianza kugeuka kama ya nguo iliyofuliwa sana, na nyuso zikapauka. Kwenye ya Kwanza nyekundu ilibaki nyekundu. Shangazi akasema, "Hii ya Pili inanibagua nikikaa pembeni." Ndivyo.

Kisha nikaomba taa za upande ule zizimwe, nikaweka picha nyeusi. Sasa ya Kwanza ikaonyesha kijivu, na kona mbili za chini zinawaka kama kuna mshumaa nyuma. Ya Pili ilikuwa nyeusi karibu kama ukingo wake. Kwa hiyo ya Kwanza ni IPS, ya Pili ni VA. Binamu hakusema neno, akaishika ya Pili boksi lake.

Usidanganyike na nembo ya HDR kwenye boksi, yaani picha yenye tofauti kubwa zaidi kati ya mwanga na giza. TV hizi huweza kuipokea ishara ya HDR, lakini filamu nyingi za aina hiyo zimeandaliwa kwa mwanga wa niti 1,000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa kioo), na LCD za bei hii nilizozishika hazifikii hata nusu yake. Kwangu nembo hiyo haipandishi bei hata shilingi moja.

Angalia pia kama ina DVB-T2 ndani, yaani kipokezi cha chaneli za antena, na kama mojawapo ya matundu ya HDMI imeandikwa ARC, tundu linalotoa sauti ya TV kwenda kwenye sabufa.

Hatua ya 4: Funga

Ya sebuleni isipande juu sana. Katikati ya kioo pawe karibu usawa wa macho ya aliyekaa. Tumia kifaa cha kulinda umeme.

Hatua ya 5: Hakikisha TV haiko kwenye hali ya dukani

Hatua hii ndiyo iliyonila usiku mzima, kwa hiyo isome taratibu.

Nilianza na ya binamu. Nikachagua hali ya picha ya sinema kwenye menyu, nikashusha taa za nyuma hadi 35, nikazima vikorombwezo vyote. Picha ikatulia vizuri. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi, chumba kizima kilikuwa kinawaka kama duka la simu, rangi za kijani zinaumiza macho. Nikarekebisha upya. Baada ya dakika chache, hali ileile. Nilidhani rimoti ina kitufe kilichobonyea, nikatoa betri. Nikashusha programu mpya ya TV kwa bando la simu. Nikabadilisha waya wa HDMI. Saa sita usiku bado nilikuwa pale.

Kumbe muuzaji alipotuwashia dukani, TV ilimuuliza itatumika wapi, naye akachagua dukani badala ya nyumbani. Katika hali hiyo TV hujirudisha yenyewe kwenye picha kali kila baada ya dakika chache, ili mteja mmoja akichezea mipangilio mwingine aikute inameremeta. Huharibu zaidi ya macho, kwa sababu taa za nyuma hukimbizwa mwisho wa nguvu zake muda wote. Taa za TV ya zamani ya shangazi zilikuwa kwenye 100 tangu siku iliyonunuliwa; nilipoifungua nikakuta zimeungua vichwa.

Kuitoa: ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya mfumo au ya jumla, humo kuna mahali pa kuchagua nyumbani au dukani, kwa kawaida limeandikwa "Home" na "Store" au "Shop". Weka "Home". Sasa tahadhari zake.

TV nyingine haina chaguo hilo kwenye menyu, inabidi uirudishe kama ilivyotoka kiwandani. Ukifanya hivyo unapoteza chaneli ulizotafuta, nenosiri la Wi-Fi na akaunti ulizoingia. Yaandike kwanza. Ikiwaka upya itauliza tena itatumika wapi. Hapo usimpe mtoto rimoti.

Pili, usichanganye hali ya dukani na kihisi cha mwanga. TV nyingi za sasa hupima mwanga wa chumba na kujipunguza au kujiongeza. Kuzitofautisha: fungua menyu uone namba ya taa za nyuma. Kama uliweka 35 na sasa inasoma 100, ni hali ya dukani. Kama bado inasoma 35 lakini picha imebadilika, ni kihisi, kizime kwenye sehemu ya kuokoa umeme.

Tatu, kuna kinachofanana na hayo lakini si hitilafu kabisa. Mipangilio huhifadhiwa kwa kila chanzo. Ukirekebisha HDMI 1 yenye PlayStation, king'amuzi kilichoko HDMI 2 hakijui. Programu za intaneti zilizo ndani ya TV nazo zina yake, na video ya HDR ikianza huja na kundi jingine la mipangilio. Nimeshaitwa na mteja aliyesema TV inasahau, kumbe alikuwa anabadilisha chanzo. Rekebisha kila kimoja, kisha zima TV, subiri, washa, ukague tena. Usiondoke nyumba ya watu kabla robo saa haijapita.

Kama ningeanza na hatua hii, nisingelala Tabata. Siku hizi swali la kwanza ninalomwuliza muuzaji ni lile alilojibu TV ilipowaka.

Hatua ya 6: Rekebisha kila TV kwa chumba chake

Ya Kwanza, sebuleni: picha ya kawaida, mchana taa za nyuma 70, usiku 45. Kilainishi cha mwendo, kile kinachoongeza picha za katikati ili mwendo uonekane laini, kiwekwe kidogo tu, kwa ajili ya mpira. Kikizidi, mpira unaopigwa mbali huacha mkia, au unapotea kabisa karibu na mguu wa mchezaji.

Ya Pili, chumbani: picha ya sinema, taa za nyuma 30 hadi 40, na kilainishi cha mwendo kizimwe kabisa. Kwenye hili sina maelewano na mtu. Filamu hupigwa kwa picha 24 kwa sekunde, na TV inapojitungia picha za katikati, kila filamu inaonekana kama tamthilia iliyorekodiwa kwa kamera ya harusi. Kwa PlayStation washa hali ya michezo kwenye HDMI yake, ili kitufe kikibonyezwa jambo litokee papo hapo. VA za bei hii zina kasoro moja hapo: kitu cheusi kikipita haraka kwenye giza huburuta kivuli nyuma yake. Nilimwonyesha binamu kabla hatujalipa, akasema anacheza mpira zaidi ya michezo ya giza, na uwanja wa kijani hauna tatizo hilo.

Jumapili iliyofuata shangazi alikuwa na wageni. Alinipigia saa kumi na moja na robo, mpira umeanza, mlango wa barazani uko wazi, akitaka kujua namna ya kuongeza mwanga. Nikamwelekeza aipandishe hadi 70 niliyomwandikia kwenye karatasi, ile iliyobandikwa nyuma ya rimoti.