Mtazame anayenyamaza: ninavyohakiki sehemu moja ya The Office

Nilifanya kazi masijala miaka saba. Kila Jumatatu tulikuwa na kikao, na kila kikao bosi alichagua mtu wa kumtania mbele ya wenzake. Maneno yake nimeyasahau karibu yote. Nyuso zetu sijazisahau: huyu anakagua kucha, yule anafungua faili asilokuwa na haja nalo, mhasibu anacheka upesi kabla hajaelewa kilichosemwa. Ndiyo maana nilipokutana na The Office, vichekesho vya Kimarekani vilivyopigwa kana kwamba ni filamu ya hali halisi, kuhusu tawi la kampuni ya kuuza karatasi mjini Scranton, Pennsylvania, macho yangu hayakukaa sana kwa Michael Scott, bosi mwenyewe. Yalikwenda kwa wale wanaomsikiliza kwa kuwa hawana pa kwenda. Hivi ndivyo ninavyoandika uhakiki wangu, na ukitaka kuanza nawe, njia ni hii.

Chagua sehemu moja tu. Tamthilia nzima ina sehemu 201 katika misimu 9, kuanzia 2005 hadi 2013, na anayejaribu kuihakiki yote kwa mkupuo huishia kusema "inachekesha sana". Wala usianze na sehemu ya kwanza kabisa, ile ya tarehe 24 Machi 2005. Hiyo inafuata kwa karibu sana sehemu ya kwanza ya tamthilia ya Uingereza ya jina hilohilo, waliyoitunga Ricky Gervais na Stephen Merchant na kuonyeshwa BBC mwaka 2001. Utajikuta unawahakiki Waingereza kupitia vinywa vya Wamarekani. Anza na ya pili, "Diversity Day", iliyoandikwa na B.J. Novak, ambaye pia anaigiza kama Ryan. Hapo ndipo Wamarekani wanaanza kusema kwa sauti yao.

Mara ya kwanza tazama bila kalamu. Mimi hutazama na mdogo wangu, ambaye Kiingereza chake ni cha kuokoteza. Akicheka mahali ambapo najua maneno yamempita, naweka akilini: hapo kilichochekesha ni uso, au kimya, au mtu aliyegeuza shingo.

Mara ya pili chukua daftari, piga mstari katikati ya ukurasa. Upande wa kushoto andika nani anasema, upande wa kulia andika nani anatazama na anafanya nini wakati huo. Simamisha video kila unapohitaji. Sehemu moja ni kama dakika 22, lakini kazi hii hunichukua saa moja na nusu, na huo ndio muda wake halali. Usiupunguze.

Nikuonyeshe ukurasa wangu mmoja. Michael ameamua kuwafundisha wafanyakazi kuheshimu watu wa asili zote. Anawabandika kadi kwenye paji la uso, kila kadi na taifa au kabila lake, na wanatakiwa watendeane kulingana na kadi hizo. Kelly, mwenye asili ya Kihindi, anaingia akiwa amechelewa. Michael anaanza kumwigizia muuza duka wa Kihindi, kwa lafudhi na mikono, usoni kwake kabisa. Kelly anamzaba kofi. Kushoto nimejaza mistari sita ya maneno ya Michael. Kulia, kwa Kelly, kuna neno moja: kofi. Ukiandika uhakiki wa sehemu hii ukamsifu Michael kwa uigizaji ukamsahau aliyelipa gharama ya mzaha ule, umeandika nusu ya kazi. Swali hilo naliuliza kila mara, na sijawahi kujuta kuliuliza: mzaha huu, nani kaulipia?

Kwenye ukurasa huohuo yupo Jim, muuzaji wa kampuni. Siku hiyo ana mauzo yake makubwa kuliko yote ya mwaka, robo ya kamisheni yake ya mwaka. Kila akishika simu kuna kinachomkatiza. Asubuhi ni mashine ya kuchana karatasi ya Dwight, muuzaji mwenzake. Mwisho wa siku Dwight ndiye aliyeyachukua mauzo yale. Lakini kikao kikielekea kuisha, Pam wa mapokezi anasinzia na kichwa chake kinalala begani kwa Jim. Baadaye Jim anaiambia kamera: "Not a bad day."

Nilihangaika na maneno hayo siku mbili. "Si siku mbaya" ni sahihi, ila hakuna Mswahili atakayesema hivyo akiwa amepoteza pesa na kupata bega zito. Mwishowe nikaandika "Si haba." Mtu aliyetoka baharini na samaki watatu husema si haba. Anajua ni kidogo, na anashukuru. Tafsiri ya namna hiyo inamfikisha msomaji kwenye uso wa Jim bila mimi kuongeza aya ya maelezo, kwa hiyo usione muda huo umepotea.

Mara ya tatu zima sauti. Tamthilia hii haina vicheko vya kurekodiwa, kwa hiyo kamera ndiyo inayokuelekeza. Inabebwa begani, inatikisika, inachungulia kupitia mapazia ya dirisha, inavuta uso kwa ghafla kama mtu aliyeshtuka. Randall Einhorn, mpigapicha wake mkuu kwa miaka mingi, alikuwa amepiga picha za Survivor, kipindi cha mashindano ya watu wanaoachwa kuishi porini, na unauona mkono uliozoea kuwakimbilia watu. Andika kamera imekwenda kwa nani Michael anapomaliza kusema. Mara nyingi inakwenda kwa Pam.

Sasa kuandika. Usisimulie kisa kizima. Mstari mmoja wa kisa unatosha. Tarehe na habari za nyuma ya pazia ziweke pale tu zinapoeleza kitu. Sehemu nyingine, "Dinner Party", ilitoka tarehe 10 Aprili 2008, ya kwanza baada ya mgomo wa waandishi wa filamu na tamthilia wa Marekani. Ni habari nzuri, lakini mimi niliitoa, kwa sababu nilitaka nafasi yote kwa ajili ya chakula. Michael na mpenzi wake Jan wamealika wageni nyumbani, na wageni wanakuja kugundua kwamba nyama bado itakaa jikoni kwa muda wa saa tatu. Mmarekani ataona uzembe wa Jan. Sisi tuliolelewa na "mgeni siku ya kwanza mpe mchele na panza" tunaona aibu ya nyumba nzima, na msomaji wako anastahili kuambiwa hivyo kwa Kiswahili chake. Aya hiyo hakuna mhakiki wa New York atakayekuandikia.

Nyota sitoi. Nasema sehemu imefaulu au imeshindwa, na nasema ni katika tukio gani.

Ukimaliza, laza andiko usiku mmoja, kisha rudi utazame upya kila tukio ulilolitaja. Kumbukumbu hudanganya. Kwenye "Dinner Party" nilikuwa nimeandika kwamba Dwight naye alialikwa, akachelewa tu. Nilipotazama tena nikaona sivyo. Michael alikuwa amemkatalia, pamoja na mengine, kwa sababu glasi za mvinyo hazitoshi, na Dwight akaja vivyo hivyo, na chakula chake na glasi zake mkononi. Nikaifuta aya nzima, nikauanza uhakiki na zile glasi.